Kadi Niliyoifungua Mara Nne

Skrini iliwaka nyekundu: UMENASWA. Kadi ya siku ya kuzaliwa niliyoifungua kwenye barua pepe ilikuwa mtego wa watu wetu wa usalama wa mitandao, wanaotupima kama tunabofya ovyo.

Miaka kumi na tisa nimetunza ghala hili la vipuri. Shule niliiacha darasa la sita, lakini mwizi hajawahi kunipita mlangoni.

Kesho yake mwalimu wao wa usalama huo, binti mdogo tu, akashuka ghalani na kompyuta yake kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunicheka?"

"Wa kukucheka wako ghorofani, wameshaanza." Akavuta kreti, akaketi. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wewe umerudi kumpapasa! Umefungua mara nne, tatu baada ya onyo. Ukinaswa tena wanakuondoa kwenye kompyuta, unahamia getini."

Getini ni kuinua chuma na kukishusha, basi.

"Hukuona anwani ni ya uongo?"

"Niliiona. Hata tarehe ni ya uongo. Sina cheti cha kuzaliwa. Siku hiyo aliibuni karani wa ajira."

"Sasa kwa nini?"

Nikapanga upya boksi la fyuzi lisilohitaji kupangwa. Kabla ya wekundu, kadi ilionyesha mstari mmoja: *Mzee wetu wa ghala, bila wewe tungekwama. Sisi sote.* Ulikaa sekunde tatu, ukatoweka. Tangu mke wangu afariki, anayeniandikia huwa anataka beringi.

"Maneno yale nani aliandika?"

Akainamisha macho. "Mimi. Kila mmoja nilimwandikia yake. Niliambiwa niandike kitu ambacho mtu hawezi kukipuuza."

"Kazi unaijua, mama."

Hakucheka. Akanionyesha kitufe cha kuripoti barua za mtego.

Wiki tatu baadaye, wenzangu wote wakiwa kantini, kadi ilirudi. Anwani ileile. Kwa nje yalionekana maneno manne tu: *Mzee wetu wa ghala…* Mengine yalikuwa ndani, yakinisubiri. Mkono ulikaa juu ya kipanya mpaka skrini ikaanza kufifia.

Nikabonyeza ripoti.

*Hongera! Umefaulu.*

"Asante," nikasema.

Sauti yangu ikaenda mpaka rafu za mwisho, ikarudi.