Maji ya Chupa ya Chai

Muuguzi Selestina aliporudi kutoka semina ya wiki mbili Kilosa mjini, alikuta wanawake tisa kwenye benchi la zahanati ya kijiji, wote wamekaa upande upande. Hakuna aliyeweza kukalia tako la kulia.

"Shikamoo, bibi Yudith," alimwamkia mkubwa wao.

"Marahaba. Njoo uone mlivyotufanya."

Bibi akafunua khanga. Jipu lilikuwa kubwa kama ngumi, usaha unachuruzika. Wote tisa walikuwa wamechomwa sindano siku moja, na mtu mmoja: Thadeo, mganga wa zahanati. Wa kumi na wa mwisho kwenye foleni siku ile, Raheli, hakuwa amekaa nao. Alikuwa amelala sakafuni, anatetemeka kwa homa, mtoto mchanga kando yake.

Selestina aliingia ndani bila kubisha hodi.

"Mabomba ya sindano ulichemshia wapi?"

"Mafuta ya taa hayakuwepo," Thadeo alijibu bila kuinua macho. "Mwenyekiti aliyachukua yakawashe taa za karabai. Kuna ugeni wa wilaya, watu wanafanya mazoezi ya ngoma usiku."

"Nimeuliza ulichemshia wapi."

"Nilisuuza kwa maji ya chupa ya chai. Yalikuwa ya moto."

Damu ilimpanda Selestina kichwani. "Ya moto! Vijidudu vinataka maji yatokote dakika ishirini, sufuria limefunikwa! Vya mgonjwa wa kwanza umempa wa pili, vya wa pili umempa wa tatu, mpaka Raheli amebeba vya wote. Kuni je? Kijiji kizima kinapikia kuni!"

"Foleni ilikuwa ndefu, Selestina."

Raheli alipakiwa kwenye trekta la kijiji kupelekwa Kilosa. Alikata roho siku ya pili. Uchafu ulikuwa umeshaingia kwenye damu.

Baada ya maziko, Mwenyekiti Makarius aliwakusanya watu mbele ya ofisi ya kijiji. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alisema ni mapenzi ya Mungu, akawataka wanakijiji wasivunjike moyo, shamba la ujamaa linawasubiri.

Selestina alishindwa kuvumilia. Alitoka na sindano, akaivutia maji kutoka kwenye chupa ya chai ya Thadeo, macho ya watu wote yakimfuata.

"Ndugu Mwenyekiti, hii imetoka kwenye jipu la bibi Yudith asubuhi hii. Nimeisuuza kama ilivyosuuzwa ya Raheli. Kunja mkono wa shati nikuchome."

Makarius akarudi nyuma hatua mbili. "Una wazimu wewe!"

"Mbona unakimbia? Si mapenzi ya Mungu?"

Kisha Filipo, mume wa Raheli, akasimama na mtoto mgongoni.

"Kumbe mlijua," alisema taratibu. "Mlijua dawa yake ni moto tu."

Debe la mafuta ya taa lilirudi zahanati kabla jua halijatua. Thadeo aliondolewa mwezi uliofuata. Makarius alibaki na uenyekiti wake, na Selestina akaletewa barua ya onyo kwa kumdhalilisha kiongozi mbele ya umma. Alitakiwa aombe radhi kwa maandishi.

Aliirudisha ikiwa na mstari mmoja chini: "Nitamwomba radhi Raheli kwanza."

Wakamhamishia zahanati ya Munisagara. Alikwenda na hasira yake yote, na kwa miaka mingi hakumruhusu mtu mwingine kugusa sufuria la kuchemshia sindano.