Kibuyu Chini ya Sakafu

Ko. Kimya. Ko, ko.

Sauti ilitoka chini ya jamvi, gizani, saa ambayo jogoo wangewika, ila askari wa Mjerumani walikuwa wamewala jogoo wote wa kijiji cha Mofu. Serafina alimsogeza binti yake Rosa, akalaza sikio sakafuni. Kitu kilikuwa kinagonga ubao kutoka ndani ya ardhi.

"Mama," alimwita mama mkwe wake. "Amka. Shimo linagonga."

Ndani ya shimo lile mlikuwa na kibuyu cha mbegu ya mpunga, mbegu pekee waliyobaki nayo. Siku moshi ulipoonekana upande wa Ifakara, bibi alimbeba mjukuu wake Rosa akakimbilia kwenye matete, na Serafina akabaki peke yake akichimba. Kwao Upogoro, juu Mahenge, chakula kilizikwa hivyo tangu enzi za wavamizi wa zamani, na kikakaa salama. Askari walichoma nyumba na ghala, wakapasua mitumbwi, wakaikanyaga sakafu ile bila kujua. Mume wake, Viktor, alikuwa ameshakufa vitani huko huko Mahenge. Baadaye walipojenga kibanda cha matete juu ya sakafu ile, Serafina alilala juu ya ubao wa shimo akijua kwamba angalau mbegu aliyoivuna Viktor ameiokoa.

Waliinua ubao. Maji yalijaa hadi mdomoni mwa shimo, na kibuyu kilielea kimelala ubavu, majani ya kuzibia yamelowa.

"Lakini mvua haijanyesha!"

"Huku haijanyesha. Imenyesha kwenye milima ya Wahehe," alisema bibi. "Mto ukivimba, ardhi ya huku inalowa kutoka chini. Nyie watu wa mlimani mnadhani ardhi ni sanduku. Sisi kitu cha maana tunakipandisha juu."

Siku nyingine huo ungekuwa utani. Leo hakuna aliyecheka.

Kulipopambazuka walimwaga mbegu kwenye ungo. Punje zilikuwa zimevimba, nyingi zimetoa ncha nyeupe. Rosa alizitazama.

"Mama, nina njaa. Tupike."

Tangu ghala liungue walikuwa wakila mizizi ya yungiyungi, na kambale siku walipopatikana. Mikono ya Rosa ilikuwa imekonda kama vijiti.

"Hairudi kibuyuni tena hii," alisema bibi. "Leo hii tuile au tuipande. Tukichelewa itaoza."

"Nisamehe, mama. Ni mimi niliyezika."

"Nikusamehe nini? Ungekitundika mtini kama sisi, wangekiona. Shimo lako limekikinga na moto. Maji ndiyo hukuyajua, na nani alikwambia? Mimi nilikuwa kwenye matete."

"Tuipande wapi? Bondeni itazama."

Bibi alionyesha kwa kidevu mahali ghala lilipokuwa, juu ya mwinuko. Majivu yake yalikuwa bado meusi. "Mafuriko hufika pale mwisho. Yakifika, mpunga uwe umeshasimama."

Majembe yalikuwa yamechukuliwa, kwa hiyo walichimbua majivu kwa vidole na vijiti. Katikati ya kazi Serafina alijaza kiganja, akasita, akamtazama Rosa. Bibi aliona, akageuza uso. Kiganja kile kilichemshwa pamoja na mizizi ya yungiyungi, Rosa akala hadi akalamba kigae. Nyingine yote iliingia ardhini.

Mto ulipanda. Walihamia kwenye dungu, kibanda cha miguu mirefu ambacho bibi alimwelekeza Serafina jinsi ya kukifunga kwa kamba za magome, kila fundo akilikagua. Maji yakapita chini yao, yakauzunguka mwinuko, yakapanda hadi kwenye majivu, yakatulia hapo. Serafina hakuthubutu kutazama.

"Haya, binti wa mlimani," bibi alisema asubuhi moja, "shuka basi ukachimbe shimo."

Serafina alicheka, mara ya kwanza tangu Viktor afe, na kicheko kikamtoa machozi. Alimbeba Rosa mgongoni, akavuka maji ya magoti hadi kwenye mwinuko. Pale penye majivu palikuwa pamesimama majani ya mpunga, membamba, ya kijani, yamebanana.

Rosa aliteremka mgongoni. Alichuchumaa, akagusa jani moja kwa kidole.

"Mama," alisema, "huu tusiule."