Taa Nisiyoihesabu

"Kwani ndege wako hawalali?"

Bi A-tao, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliniuliza hivyo mwezi wa nne. Alikuwa mlangoni pake kwenye kiti cha magurudumu, anatafuna mbegu za tikiti. Nilidhani ananichokoza. A-tao ana mdomo. Tangu niolewe hapa mjini Huwei haujapita mwezi bila yeye kunipata kwa neno.

"Wanalala kukushinda," nikamjibu. "Saa kumi na mbili jioni nazima taa, basi."

"Na huyo anayepiga mluzi kabla hakujapambazuka, ni marehemu mumeo?"

"Huenda ndiye. Anauliza lile bakuli lake la supu utalirudisha lini."

Akacheka mpaka akapaliwa na mbegu. Suryati, binti wa Kiindonesia anayemtunza, akamgonga mgongoni na kumwingiza ndani. Swali lake nikaliacha palepale mlangoni.

Mume wangu, Chin-tien, alifanya kazi kiwanda cha sukari miaka thelathini na minne. Alipostaafu akaanza kufuga kasuku wa kishungi, wale wadogo wa mashavu mekundu kama watoto waliotoka juani. Alipokufa, mwezi wa tisa mwaka jana, aliacha watano. Dume mmoja tulimwita Meneja kwa sababu alitembea kifua mbele kama meneja wa kiwanda. Majike walikuwa wanne: Majivu, Ndizi, Tangawizi na Unga. Unga alikuwa mweupe wote, na alikuwa wa binti yetu, Pei-chun, tangu akiwa kinda asiye na manyoya. Alimlisha uji kwa kijiko mwezi mzima, kabla hajaenda kufanya kazi Taichung.

Meneja alijua mluzi mmoja tu. Ulikuwa wa Chin-tien, aliokuwa akiupiga anapoegesha baiskeli: tatu juu, moja chini. Nikiusikia nilikuwa naweka sufuria ya wali mezani. Mpaka leo mkono hukimbilia sufuria.

Siku mbili kabla Chin-tien hajafa, pale hospitalini, alinishika kidole, si mkono, kidole, akasema, "Wale ndege usiwagawe. Wakae pamoja." Nikamwambia watakaa pamoja, nami nitakaa nao. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoelewana.

Yeye alikuwa akiwaweka barazani nyuma, karibu na mashine ya kufulia. Mimi niliporudi kutoka kumzika niliona uchungu kuwaacha huko nyuma kama vyombo vibovu. Nikawahamishia sebuleni, mbele ya meza ya ibada, picha yake inapotazama. Katikati yupo Guanyin, mungu wa huruma, kushoto vibao vya wakubwa waliotangulia wa ukoo wao wa Kuo, na pembeni kibao cha jina lake mwenyewe, maana aliyekufa karibuni hukaa peke yake mpaka mwaka utimie. Nikafukiza udi, nikamwambia, "Hawa hapa. Waangalie mwenyewe."

Sebule yangu ni ya giza. Dirisha lake linatazamana na ukuta wa A-tao, jua halifiki. Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kutafuta taa.

Muuza vifaa vya umeme pale nyuma ya soko, Bwana Ke, aliniuliza ni ya chumba gani.

"Ya ndege."

"Ndege wanasoma gazeti, shangazi?"

"Wanakula na kuonana. Nipe taa nzuri, acha maneno."

Akanipa tyubu nyeupe. Sebule ikang'aa kama duka la dawa. Majivu akaanza kutaga. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliona ni baraka za marehemu. Akataga manne, akataga saba, akataga kumi na moja, bila kuatamia hata moja. Halafu asubuhi moja nikamkuta sakafuni mwa tundu, mwepesi kama ganda la karanga.

Niliporudi kwa Bwana Ke alikuwa ameshauliza watu. "Tyubu hiyo inakatakata," alisema. "Sisi hatuoni, ndege anaona. Ni kama umemweka kwenye disko."

"Ulijua hayo ukaniuzia?"

"Nimejua jana, shangazi. Chukua hii ya njano, imetulia kama jioni."

Sikuichukua hivihivi. Nilikwenda nyumbani nayo bado iko kwenye boksi, nikaiweka mezani mbele ya picha, nikashika vile vipande viwili vya mianzi vya kuulizia wafu. Nikamuuliza mume wangu: taa hii ndiyo? Nikavitupa. Kimoja kikionyesha tumbo, upande ulio bapa, na kingine mgongo, amekubali. Vyote mgongo, amekataa. Siku hiyo vilionyesha tumbo vyote viwili. Maana yake anacheka tu, hajajibu. Nikatupa tena, akacheka tena. Mara ya tatu, vilevile.

Nikamwambia, "Cheka wewe uliyekufa. Mimi ndiye ninayenunua." Nikaifunga taa ya njano.

Ndizi alikufa mwezi wa tano. Daktari wa ndege wa mjini Douliu alimfungua akaona mifupa imekuwa laini, chokaa yote imekwenda kwenye mayai. Akaniuliza maswali kama hakimu. Wanapata mwanga saa ngapi kwa siku? Wanapata giza saa ngapi?

"Nawasha saa moja asubuhi, nazima saa kumi na mbili jioni."

"Unazima kabisa?"

"Kabisa. Dirisha nalifunga, pazia nalishusha."

"Televisheni?"

"Iko chumbani kwangu."

Akataka kuona picha ya chumba. Pei-chun alikuwa amenipiga moja siku za mwaka mpya, iko kwenye simu, mimi na Unga begani na matundu nyuma. Daktari akaitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akanirudishia. "Basi si mwanga," alisema. Akanipa chokaa ya maji na mfupa wa ngisi. Aliniambia wakihangaika usiku niwafunike kitambaa. Nilimfunika Tangawizi siku mbili. Ya tatu, kwa joto la mwezi wa sita, nilimkuta anahema mdomo wazi, mbawa zimeachana na mwili. Nikakitupa kitambaa. Lakini hata bila kitambaa hakufika mwezi wa saba. Alitaga kumi na tisa.

Mara hiyo ndipo nilipofunga taa ya tatu, ile ghali inayofanana na jua, na swichi ya saa ya kujizima yenyewe ili mkono wangu wa kizee usilaumiwe. Nilimuuliza Chin-tien kuhusu hiyo pia. Akacheka.

Pei-chun alikuja. Alisimama mbele ya matundu, matatu matupu, mawili yenye watu.

"Mama, nipe Unga."

"Baba yako alisema wakae pamoja."

"Pamoja na nani? Wamebaki wawili."

"Ndiyo hao wawili."

"Mimi nilimlea. Kwangu kuna chumba, kuna dirisha la mashariki. Nitamrudisha ukijua nini kinawaua."

"Mwaka ukitimia," nikamwambia. "Mwezi wa tisa, tukishamuunganisha baba yako na wakubwa wake. Akishatulia ndipo vitu vyake vihame. Si kabla."

"Huyo si kitu, mama. Ni Unga."

Nilimfungashia maandazi ya mvuke na figili za chumvi. Akayachukua. Tangu utoto hagombani na chakula.

Unga alianza kutaga mwezi wa nane.

Siku mbili kabla ya sikukuu ya mwezi mpevu, Suryati alikuja kuniletea balungi kutoka kwa A-tao. Ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu. Ile taa ghali ilikuwa imeshajizima, dirisha limefungwa, pazia chini. Nilimwambia ingia, vua viatu, liweke mezani kwa babu. Akaingia, akaweka balungi, lakini hakutoka. Alikuwa anawatazama ndege. Unga alikuwa anakwaruza sakafu ya tundu, anazunguka, anakwaruza. Meneja alikuwa anakula.

"Bibi, hii nyekundu unaizima saa ngapi?"

"Nyekundu ipi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Taa nyekundu za meza ya ibada. Mbili za kila siku, kulia na kushoto kwa Guanyin, na ya tatu, kubwa zaidi, mbele ya kibao cha Chin-tien.

"Hizo si taa," nikamwambia. "Hizo ni za meza. Hazizimwi. Hiyo ya babu ikizimika kabla ya mwaka, ataijuaje njia?"

"Nyumbani kwetu Blitar tuna kuku wa mayai," Suryati alisema. Anaongea polepole, kwa adabu, maneno anayapanga kwanza. "Baba anawawashia taa usiku, wasijue kama kumekucha au hakujakucha. Wanataga sana. Halafu wanaisha. Baba anasema nyekundu ndiyo inayowashika zaidi. Lakini wale ni wa kuuza, bibi. Hawa si wa kuuza."

Nikaitazama sebule yangu. Taa zote zilikuwa zimezimwa, na nilikuwa naona vidole vya miguu ya Unga. Nilikuwa naona mashavu ya Meneja. Niliweza kuona hata mbegu alizobakisha kwenye kibakuli. Mwaka mzima nilikuwa nakaa pale kila jioni na tasbihi yangu, nikiwaona hivyohivyo, nikisema niko gizani.

Daktari aliitazama picha akaikuza kwa vidole, na zile tatu zimo. Bwana Ke amewahi kuja mwenyewe kufunga swichi, akapanda kiti, akapitisha mkono karibu nazo. Pei-chun kazaliwa chini ya zile mbili za Guanyin. Nani katika mtaa huu anaihesabu taa ya wakubwa?

"Ahsante kwa balungi," nikamwambia Suryati. "Mwambie A-tao..." Nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Nilisimama mbele ya Chin-tien, kidole kikiwa kwenye swichi. Siku kumi na saba zilikuwa zimebaki mwaka utimie. Nikashika vipande vya mianzi. Nikamuuliza, niizime? Vikaonyesha mgongo vyote viwili. Nikatupa tena. Mgongo. Sikutupa mara ya tatu. Nikabeba tundu la Unga kwa mikono miwili, halafu la Meneja, nikawapeleka barazani nyuma, mahali palepale alipokuwa akiwaweka yeye, na pakawa na giza la kweli, la kutoona mkono. Nikampigia Pei-chun nikamwambia njoo umchukue Unga. Akasema Jumamosi. Sauti yake ilikuwa nyepesi, akaniuliza kama bado anapenda mtama mwekundu.

Siku ya sikukuu, watu mtaani wakichoma nyama, Unga alikaa sakafuni manyoya yamevimba. Yai lilikuwa limekwama. Nilimpaka mafuta, nikamshika juu ya mvuke wa maji moto kama daktari alivyonielekeza kwa simu. Nilimwomba Guanyin, nilimtaja jina lake mara mia moja na nane. Alinifia kiganjani saa nane mchana. Lile yai halikuwa na ganda. Lilikuwa ngozi tupu.

Sikumpigia Pei-chun. Nilijiambia ataendesha gari analia. Huenda niliogopa tu.

Jumamosi alifika na tundu dogo la kusafiria, ndani kaweka taulo jipya na shuke la mtama kalifunga kwa uzi. Alipita sebuleni akaona tundu la Unga halipo. Akatazama uso wangu.

"Lini?"

"Juzi mchana."

"Ni nini, mama? Safari hii umejua ni nini?"

Ningeweza kusema chokaa. Nilisema, "Taa za meza. Hazikuwapa giza. Mwaka mzima."

Akageuka akazitazama, moja, mbili, tatu. Zilikuwa zinawaka.

"Na baba alikuwa akiwaweka nyuma," alisema.

"Ndiyo."

"Alijua."

"Sijui kama alijua. Hakuniambia. Labda alidhani najua."

Alikwenda barazani. Nilimfuata mpaka mlango wa jikoni. Meneja alikuwa juu ya kijiti, anatazama ukuta. Pei-chun akainama, akapiga mluzi wa baba yake, tatu juu, moja chini. Alingoja. Akapiga tena. Meneja hakugeuza kichwa. Tangu Unga afe hajatoa sauti; usiku analala, mchana pia.

"Utamchukua?" nikamuuliza. "Huyu mchukue."

Alirudi sebuleni, akawasha vijiti vitatu vya udi kwenye ile taa nyekundu ya baba yake ambayo ina kiwashio pembeni, akainama mara tatu, akavichomeka kwenye majivu vikasimama wima. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanadondoka kwenye soksi. Nilisogea nimshike mkono, akausogeza taratibu, kama mtu anayempisha mwingine njiani.

Akainua tundu lake dogo, shuke la mtama likiwa bado limo ndani, akavaa viatu, akatoka.