Kipanya Mkononi mwa Tatay Kulas

Siku ya kumzika Nanay Pasing, Mama Pasing kwa lugha yetu, tulisogeza kompyuta hadi kando ya jeneza pale sebuleni, kamera ndogo juu yake ikimtazama marehemu usoni. Binti yake Nenita, mtumishi wa nyumbani kule Milano, alinyimwa ruhusa na tajiri wake. Alikuwa mbele ya kompyuta ya huko, akisubiri kumwona mama kabla mfuniko haujafungwa. Picha ya kutumiwa aliikataa. "Nataka niwepo," aliandika.

Fundi ni mimi. Mtaa wetu hauna bahati.

Nikaunga laini ya simu. Zikatokea nywele, likatokea paji la uso, laini ikakatika. Nikaunga tena, ikakatika tena. Ndipo nikamwona Tatay Kulas, yaani Baba Kulas, mume wa marehemu, kang'ang'ania kipanya cha kompyuta kwa mkono wa kulia. Na hapa mjini kwetu Mabini haingii mtu msibani bila kuushika mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji lake mwenyewe, ndiyo heshima. Kila mgeni akiuinua mkono, kipanya kinatikisika. Nacho kipanya na modemu, kile kidude cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, vilikuwa vimepewa namba moja ya kuitia mashine. Kimoja kikiita, kingine kinazimia.

"Tatay, achia hicho."

"Nikiachia, Nenita ataondoka."

"Ukishika ndiyo anaondoka!"

"Teng, huyu mtoto nimemshika mkono tangu anajifunza kutembea. Leo unifundishe wewe?"

"Basi wape mkono wa kushoto."

"Wa kushoto? Kwenye msiba wa mke wangu?"

Jirani, Aling Choleng, yaani Bi Choleng, akadakia. "Fundi gani anagombana na wafiwa? Redio yangu aliitengeneza, sasa inatoa moshi tu!"

"Si inafukuza mbu, Aling Choleng?"

Nilijaribu kuipa modemu namba nyingine. Zote zilikuwa na wenyewe. Nikazima, nikang'oa kadi ya sauti ili namba yake ipatikane, modemu ikagoma kuamka, nikairudisha kadi. Padri akakohoa. Mwisho nikauchomoa waya wa kipanya kimyakimya, mzee nikamwachia kipanya chenyewe mkononi. Mashine ikaganda. Ikabidi niizime, niiwashe upya.

Nje bendi ya maziko ikaanza kupiga.

"Padri, kidogo tu."

"Hicho kidogo chako nimekisubiri tangu asubuhi, Teng. Nina maziko mengine."

Mashine ikiwa bado inajikokota kuamka, wanaume wakateremsha mfuniko, wakakaza skrubu.

Laini ikashika. Safari hii haikutikisika hata kidogo. Maneno ya Nenita yakaja: "Baba, mbona naona mbao?"

"Anasemaje?" mzee akauliza, miwani hakuwa nayo.

Nikamsomea maneno yake kama yalivyo.

Wabebaji walikwisha kuinama.

"Mwandikie," akasema, "mama yake amevaa lile gauni la samawati alilomtumia. Limemkaa vizuri mabegani."

Nikaanza kuandika, herufi moja moja, jeneza likipita mbele ya kamera.