Shibiri Iliyozidi

Siku gauni lilipofika, Fundi Pindo hakuwa na duka, hakuwa na kibao chenye jina lake, wala hakuwa na kioo cha kumwonyesha mtu mwili mzima. Alikuwa na kipande tu. Mteja akijitazama huona uso au magoti, achague mwenyewe. Hakuwa na mke, maana aliyekuwa naye alikwisha kutangulia. Hakuwa na meno mawili ya mbele, yaliyomalizwa na nyuzi alizokata kwa kinywa tangu ujana. Na hakuwa na mkasi mkubwa wa marehemu baba yake, ule wenye mpini mweusi. Huo alipewa mdogo wake.

Mengine yote alikwisha kuyazoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. La mkasi hakulizoea.

Kazi yake ilikuwa kufupisha. Kila asubuhi aliweka cherehani barazani kwa Mama Vifungo, mwanamke aliyeuza nyuzi, zipu na vifungo, na watu wakamletea suruali zinazoburuzika, mikono ya mashati inayomeza vidole, sare za shule walizonunuliwa watoto kwa matumaini kwamba watakua. Yeye akakata, akakunja, akashona, akapiga pasi. Mwenye nguo akaenda kusifiwa, na sifa zikaenda kwa aliyeishona. Pindo zuri ni lile lisiloonekana. Sasa nani atasifu asichokiona?

Mdogo wake alikuwa fundi mkuu katika mji mwingine. Ilisemekana kwamba mteja akisimama tu mlangoni, yule bwana amekwisha kuyajua mabega yake. Fundi Pindo alipoambiwa hayo aliitikia, "Naam, ana kipaji," na chakula cha mchana kikamshinda.

Sasa binti yake wa pekee alikuwa anaolewa Jumamosi, na gauni hakumwomba baba yake. Alimwandikia baba yake mdogo. Yule baba mdogo mguu ulimvimba, hakuweza kusafiri, basi gauni likaja peke yake ndani ya basi, limekunjwa katika boksi kama mgeni wa heshima.

Binti alilijaribia katika chumba cha nyuma cha duka la Mama Vifungo, akatoka amelishika kwa mikono miwili.

"Baba, ni refu."

Fundi Pindo alipiga magoti. Akapima kwa futi, kisha, kwa kuwa hakuyaamini macho yake, akapima kwa mkono. Shibiri nzima ilikuwa imelala sakafuni.

"Kumbe," alisema taratibu. "Kumbe na yeye hukosea."

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Alimwambia muuza viatu. Alimwambia kinyozi, aliyesimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja.

"Shibiri?"

"Shibiri, na kidole juu yake," alisema Fundi Pindo. Kidole hicho alikiongeza njiani.

Aliporudi barazani, Mama Vifungo alikuwa anapanga vifungo kwa rangi, hakuinua kichwa.

"Fundi, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

"Nimesema uongo, mama?"

"Hujasema uongo. Umefurahi mno."

Binti alikuwa bado anamngoja, gauni mkononi. "Basi utanipunguzia leo, baba?"

"Kosa la mtu hulirekebisha mwenyewe. Mwambie aje na mkasi wake."

"Harusi ni keshokutwa, na mwenyewe hasimami."

"Nikilipunguza mimi, nani atajua kwamba alikosea? Watasema, tazameni mkono wa fundi mkuu. Mimi nitakuwa nimemsafishia jina."

"Kwa hiyo nijikwae mbele ya watu ili wajue."

Binti akalitundika gauni kwenye msumari, akalinyoosha kwa kiganja.

"Ningekuomba wewe unishonee, ungekataa," alisema. "Halafu ungenuna mwaka mzima kwamba nimekuomba kitu usichokiweza."

"Nani kasema sikiwezi?"

"Wewe, baba. Kila siku."

Akaenda zake. Mama Vifungo aligundua ghafla kwamba ana shughuli ndani.

Fundi Pindo alichukua karatasi. Simu alikuwa nayo, lakini maneno ya simu hupeperuka, naye alitaka haya yakae. Mdogo wake awe nayo mkononi, ayasome, ayarudie. Akaandika: *Mdogo wangu, gauni limefika.* Kisha kalamu ikapata kasi. Akaeleza habari ya mafundi wanaotazama mabega ya wakubwa wakasahau miguu ya watoto wao. Akaeleza kwamba mkasi mkubwa haumfanyi mtu kuwa mkubwa. Karatasi ikajaa mpaka chini. Kilichobaki ni kutaja kipimo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki hata katika ubaya wake, aliinuka akapime tena, safari hii bila kile kidole.

Akageuza ukingo wa gauni ndani nje.

Hapakuwa na pindo. Kitambaa kilikuwa kimeshikizwa tu, kwa mishono mirefu ya uzi mwekundu, na mwisho wa uzi ulining'inia bila fundo.

Alikaa chini.

Katika karakana ya baba yao walikuwa watatu, mzee na wanawe wawili, kwenye meza moja, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Mtu akifika mwisho wa kazi yake hushikiza kwa uzi mwekundu na kuuacha bila fundo. Maana yake: hapa namwachia mwenzangu. Mdogo alikata. Mkubwa alimalizia. Na siku ile mzee alipogawa vitu alisema, "Huyu anajua kuanza, wewe unajua kumaliza, na nguo isiyomalizwa ni kitambaa tu." Fundi Pindo aliyasikia maneno hayo kama sukari anayolambishwa mtoto aliyenyimwa kitu.

Mtu anayeyajua mabega yako tangu mlangoni hapotezi shibiri nzima.

Hakufurahi, tusimsingizie. Kitu cha kwanza kilichompanda kifuani kilikuwa ni hasira. Sasa hata kwa wema amenitangulia, alijisemea. Hata hili hakuniachia niwe wa kwanza. Akalitazama gauni pale msumarini, kola yake, kiuno chake, mishono iliyonyooka kama imechorwa, na kijicho kikamchoma palepale pa zamani. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Kisha akamwita binti yake. "Njoo na viatu utakavyovaa siku yenyewe."

Alimsimamisha juu ya meza. Akamzunguka kwa magoti, chaki mkononi, pini zimepangwa katika pengo la meno yake, ambalo angalau kwa hilo lilikuwa na faida. "Simama wima. Usinitazame mimi, tazama mbele." Akakata kidogo, akakunja zaidi, akashona kwa mkono, sindano ikiokota uzi mmoja tu wa kitambaa kila mara, mpaka kwa nje pasionekane kitu.

"Ule uzi mwekundu, baba. Alisahau kuutoa?"

"Hakusahau."

Jumamosi gauni lilipita katikati ya watu likigusa sakafu bila kuburuzika. Wageni waliuliza limeshonwa na nani, wakajibiwa ni baba mdogo wa bibi harusi, wakatikisa vichwa kwa kusifu. Fundi Pindo alisikia kila neno. Kinyozi akamsogelea, akainama kidogo kutazama.

"Mbona silioni lile kosa?"

Angeweza kusema, nimelifuta mimi. Neno lilikwisha kufika mdomoni.

"Halikuwapo," alisema. "Waambie na wengine. Halikuwapo."

Jumatatu alifungua cherehani mapema. Barua ilikuwa bado chini ya sanduku la pini. Aliisoma yote, akachukua mkasi wake mdogo, akaikata chini kidogo ya mstari wa kwanza, akinyoosha mkono kama anayepunguza suruali ya mtu mfupi sana. *Mdogo wangu, gauni limefika.* Chini yake akaongeza neno moja: *Limemkaa.* Alishika kalamu muda mrefu akitafuta neno jingine, la shukrani, lakini mkono ulikataa.

Mama Vifungo alichungulia. "Barua gani hiyo, fundi, fupi kama kikohozi?"

"Nipe bahasha, mama."

Alikunja kile kikaratasi. Kutoka mfukoni akatoa ule uzi mwekundu, akauzungusha mara mbili katika kidole, akautia ndani bila kuufunga fundo. Akalamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa gumba kama anayebana pindo, akavuka barabara kuipeleka posta, na alipoisukuma ndani ya tundu la sanduku, vidole vyake vilichelewa kidogo kuiachia.