Chini ya Yuniti Mbili

Nimesoma mita za umeme za watu miaka thelathini na moja hapa Kisumu, kuanzia Manyatta hadi Otonglo, na sijawahi kukisia namba hata siku moja. Wenzangu walikaa kwenye kibanda cha chai wakajaza daftari kwa kubahatisha. Mimi nilifukuzwa na mbwa, nikatukanwa na wapangaji, lakini niliandika nilichokiona. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba baba aliyemdanganya mwanawe mwaka huu ni mimi huyuhuyu, Obiero wa Mamboleo, na kwamba haikuwa tabia yangu.

Mwanangu ni Debra. Huu ni mwaka wake wa tatu huko Doha, anatunza samaki ndani ya kioo kikubwa katika jengo la maduka. Aliniambia angekaa miaka miwili tu. Sebuleni aliniachia tangi la vioo, urefu wake kama kitanda cha mtoto, lililojaa maji ya chumvi na matumbawe aliyoyapanda mwenyewe kipande kwa kipande. Alilileta mwaka ule mama yake, Anyango, alipoanza kuugua. Anyango hakuwahi kuiona bahari. Aliiona pale pale, akiwa amelala kwenye kochi, na alipofariki alikuwa amekipa jina kila kidude kilichomo.

Mimi nilikulia Dunga, ukingoni mwa ziwa. Kwetu samaki hukutana na chumvi mara moja tu, naye huwa tayari yumo sufuriani. Kwa hiyo mwanzoni nililidharau tangi lile. Lakini siku niliyomsindikiza Debra uwanja wa ndege, nilirudi nyumbani nikakuta samaki wake wawili wa rangi ya chungwa wamekuja kwenye kioo kunidai chakula, na kusema kweli nililia. Tangu siku hiyo nikawa mtumishi wao.

Kila Jumapili jioni Debra hupiga simu ya video, nami huielekeza simu kwenye tangi. Hutazama, huuliza, hucheka. Nilikuwa na imani moja, na mnaweza kunicheka mkitaka: tangi likiwa hai, binti yangu ana kitu cha kurudia.

Basi Jumapili moja baada ya Pasaka akaniambia, "Baba, hiyo tangi inakula stima sana. Mpe tu fundi Wakoli aiuzie hoteli. Usijisumbue."

Mtu anayepanga kurudi hagawi vitu vyake.

"Inakula ngapi?" nikamuuliza kwa ukali, maana nikiogopa mimi hugomba.

"Yuniti saba kwa siku, ama nane."

"Nikishusha je? Nyumba yote, chini ya yuniti mbili?"

Akacheka. "Baba, mbili haiwezekani. Hiyo ni kitu ya bahari."

"Nipe mpaka mwisho wa Julai. Nikishinda, inakaa hapa mpaka urudi. Nikishindwa, nitaita Wakoli mimi mwenyewe."

"Sawa," akasema. "Lakini usiniulie samaki."

Nilisema nyumba yote kwa sababu mita ni moja, na mimi si mtu wa kusema "tangi pengine linakula kiasi fulani." Namba husomwa, haipigiwi ramli.

Kesho yake nilimwita Wakoli, fundi wa vifaa vya umeme pale njia panda ya Mamboleo, kijana wa Bungoma mwenye mdomo mrefu kuliko mkono. Aliinama chini ya tangi, akatoka akitikisa kichwa. "Mzee, hii pampu ni ya kusukuma maji ya kisima. Unawaoshea samaki gari?" Akanifungia pampu ndogo isiyo na kelele, ambayo ilizungusha maji vilevile. Zile taa kubwa zilizokuwa zikichemsha sebule nzima tukaziondoa, tukaweka taa nyembamba za bluu na nyeupe, zikawa zinawaka kuanzia saa saba mchana hadi saa mbili usiku, si zaidi. Matumbawe yalinuna siku tatu, kisha yakafunguka. Mita ikashuka kutoka tisa hadi tano.

Kilichobaki ni chuma kinachozama ndani ya tangi kupasha maji. Mchana Kisumu haihitaji kupashwa, kila mtu anajua. Lakini usiku wa Juni na Julai baridi hushuka kutoka milima ya Nandi, na chuma kile kikawa kinafanya kazi hadi asubuhi. Nilikaa jikoni nikikiwazia, ndipo nikaona kikapu cha Anyango juu ya kabati. Ni kile kikapu kilichoshonewa matambara na sponji ndani, ambacho akina mama huweka sufuria ikichemka, wakafunika, na nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, ikamalizika kuiva bila moto. Nilikishusha. Bado kilinuka vitunguu. Nilikaa nacho mapajani kwa muda, mtu mzima mimi, nikikinusa.

Nikalivika tangi kama kikapu kile. Sponji ubavuni, sponji nyuma, blanketi la Anyango mbele kila usiku, na ubao juu. Mita ikashuka hadi tatu na nusu. Niliruka kwa furaha, nikapunguza na mwendo wa pampu usiku, kwani samaki nao si hulala? Haba na haba hujaza kibaba.

Hapo ndipo nilipokosea. Anyango alikuwa na sheria moja ya kikapu: ukishafunika, hakuna kufunua kuchungulia, utaua joto. Ukifunua alikupiga mkono kwa mwiko. Usiku mmoja wa Juni nilisikia maji yakipigapiga ndani ya blanketi, tap, tap, nikajizuia kama nilivyofunzwa. Nilipofunua asubuhi, samaki mmoja alikuwa juu akipiga mdomo hewani, na mwenzake alikuwa chini, ubavu juu.

Mimi ni mtoto wa Dunga. Nimewaona samaki wa ziwa wakipiga mdomo hivyo maji machafu ya chini yanapopinduka, na hata mtoto kwetu anajua maana yake ni kwamba hewa imekwisha majini. Chungu cha nyoyo hakihitaji kupumua. Samaki anahitaji. Nilikuwa nimemfunika mtu mdomo na pua kwa upendo. Nilirudisha mwendo wa pampu, nikainua ubao upenyo wa vidole viwili, na yule aliyebaki akapona. Yule mwingine nilimzika chini ya mpapai, nikajitukana kwa Kijaluo mpaka jirani akauliza kuna nini.

Jumapili Debra akauliza, "Huyo mwingine ako wapi?"

"Amejificha nyuma ya jiwe," nikasema.

Jumapili iliyofuata akauliza tena, nikasema vilevile. Jumapili ya tatu hakuuliza, nami nikamshukuru Mungu, jambo ambalo sasa naliona aibu kulitaja.

Julai ikaanza, mita ikagoma palepale kwenye tatu na nusu. Tangi lenyewe halikuwa na cha kupunguza tena. Kilichobaki kukatwa ni mimi. Nikachomoa friji. Mtu mmoja anahifadhi nini? Samaki nilimnunua mbichi na kumla siku hiyohiyo, maziwa nikaacha. Televisheni nikaifunika kitambaa. Taa ya sebuleni nikaacha kuiwasha, kwani mwanga wa tangi ulinitosha kukiona kiti na mlango, na ulipozimika saa mbili nilikwenda kulala. Niliyazoea maisha hayo haraka kuliko nilivyotarajia. Nilikaa ndani ya ule mwanga wa bluu nikimtazama samaki mmoja akizunguka peke yake, tukaelewana.

Jumapili ya mwisho ya Julai Debra alipiga jua likiwa limeshazama. Nilikuwa nimevaa koti langu la kazi la zamani. Nikasimama mbele ya mita na kumsomea kwa sauti, kama zamani: "Tangu jana saa hii hadi leo saa hii, yuniti moja nukta nane."

Nikarudi sebuleni na simu mkononi. Kisha akasema, "Nyumba yote?"

"Nyumba yote."

"Na friji?"

"Friji nimechomoa."

"Baba." Sauti yake ilibadilika. "Kila Jumapili unanionyesha samaki. Geuza simu nikuone wewe."

Nikaigeuza.

"Sioni kitu. Washa taa."

"Itapita mbili."

"Wacha ipite! Baba, washa taa!"

Nikawasha. Sikuwa nimejiona vizuri mimi mwenyewe kwa wiki kadhaa. Nilijiona kwenye kile kidirisha kidogo cha simu, mzee amepotelea ndani ya koti, na nyuma yake friji mlango wazi. Debra akaweka mkono mdomoni.

"Umekonda hivi tangu lini?"

Ulimi wangu ukakataa kubeba uongo mwingine. "Samaki mmoja alikufa, nyara, binti yangu. Nilimfunika, akakosa hewa. Nilikudanganya."

"Nilijua," akasema. "Ni mimi niliwafuga. Nilikuwa nangoja uniambie." Akajifuta macho. "Na mimi sijakuambia ukweli. Wamenipa mkataba mwingine. Miaka miwili. Karatasi ni hii hapa, wanataka nisaini kesho. Nilisema uuze tangi ili uache kuningoja."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Nililitazama tangi, matumbawe yakipunga vidole vyao kwa amani, hayana habari.

"Tangi linaweza kungoja," nikamwambia. "Nimelitengeneza lingoje. Kwa yuniti hizi linaweza kungoja hata miaka kumi. Mimi ndiye sijui, Debra. Nammiss binti yangu, na nina miaka sabini na moja."

Sikumbuki kama nimewahi kumwambia mtoto wangu neno kama hilo. Alilia, nami nikalia, na sikuielekeza simu kwenye samaki.

Halafu akasema, "Mkataba wangu wa sasa unaisha Novemba. Rudisha friji kwa stima sasa hivi, nikiona. Nunua maziwa. Desemba nataka kuyakuta."

"Namba siiandiki kabla sijaiona," nikamjibu, maana mkaidi ni mkaidi.

"Hii utaiona," akasema, akainua ile karatasi mbele ya simu, akaichana katikati.

Nikachomeka friji. Iliguna, ikatetemeka, ikaanza kuvuma. Baadaye nilitoka kwenda kwenye mita, na ile taa yake nyekundu ilikuwa ikipepesa haraka haraka, ikihesabu umeme unaoliwa. Sikuandika chochote. Nilirudi ndani, nikamfunika samaki, nikaacha upenyo wa vidole viwili, na taa ya sebuleni nikaiacha inawaka.