Mpagazi Aliyebaki Nyuma kwenye Nailoni

Majidi wa Isevya, Tabora, hakuaminiwa na mtu aliposimulia haya, nawe usimwamini; ila pakiti zipo.

Alikuwa akichapa pakiti za asali za Bi Mwanahawa kwa mashine ya flekso. Bamba la mpira huzungushwa kwenye silinda, nailoni inapita, na kila mzunguko huacha picha moja: wapagazi wa kale, mizigo kichwani, wakielekea pwani. Asubuhi hiyo picha zikarefuka, na pengo kati yake pia. Unywele tu. Lakini mashine ya Bi Mwanahawa hukata kwa urefu uleule, na unywele juu ya unywele, kisu kikafika shingoni.

"Majidi, wapagazi wangu unawachinja!" alifoka. "Zisipolingana leo, kazi naipeleka Mwanza."

Bila kazi hiyo, karakana ingefungwa.

Kornel, fundi mwenzake kutoka Nzega, akaminya nailoni. "Kaka, umefunga roli la nailoni nene. Nene hukaa juu zaidi kwenye silinda, basi kila mzunguko unavuta nailoni ndefu zaidi. Kama mkanda na kitambi chako."

"Kitambi changu kiache."

Wakafunga nyembamba. Pengo kati ya picha halikupungua; likapanuka. Na humo, mahali ambapo bamba halikuchongwa kitu, palikuwa na mtu amepinda chini ya mzigo, anahangaika kuufikia msafara.

Kornel akafuta bamba. Safi. Akawasha tena. Yule mtu alikuwa amesogea, kinywa wazi.

"Zima," Majidi akanong'ona.

"Wino utakaukia kwenye bamba!"

"Babu zangu walikuwa wapagazi. Mwenzenu akibaki nyuma, mnatua mizigo, mnamngoja. Zima!"

Mashine ikanyamaza. Majidi akainamia nailoni. "Shikamoo, mzee. Tumetua. Njoo taratibu."

Ndani ya roli zikasikika nyayo pekupeku, zinajikokota. Kitu kizito kikatuliwa.

"Marahaba," ikajibu sauti kavu kama jani la tumbaku.

Kornel alikuwa ameshafika mlangoni.

Walipowasha, picha zililingana. Bi Mwanahawa akakata roli zima. Hakuna shingo iliyoguswa, na kazi ikabaki Tabora.

Ila tangu hapo mashine haitaki haraka. Ukiikimbiza, pengo linafunguka. Kwa hiyo Majidi huiendesha kwa mwendo wa mzee mwenye mzigo, na wateja wakilalamika huwaambia wazungumze na mzee mwenyewe.